Kiatu cheusi au katambuga: mwanafunzi wa Dodoma avae nini?

Mtoa hoja, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), Dodoma mjini

Shule nyingi za msingi hudai kiatu cheusi cha kufunika, na mwenye katambuga, yaani kiatu cha wazi cha mikanda kilichokatwa kwenye tairi, huambiwa hayuko kwenye sare. Nasema sharti hilo linaumiza miguu ya watoto na liondolewe. Anayepinga aje na sababu.

Mguu kuanzia kifundo kushuka chini una mifupa 26, na ya mtoto wa darasa la kwanza bado inakua. Uvungu wa wayo hushikiliwa na misuli midogo ambayo hukomaa kwa kazi: kukanyaga changarawe, kupanda, kuchuchumaa visigino vikiwa chini. Ndani ya kiatu kigumu, kazi hiyo inafanywa na soli. Nchini India, watafiti Rao na Joseph walikagua watoto 2,300 na kuchapisha matokeo mwaka 1992: nyayo bapa, zisizo na uvungu, zilikuwa asilimia 8.6 kwa waliozoea viatu, asilimia 2.8 kwa waliotembea peku. Waliovaa vya kufunika mbele ndio walioathirika zaidi.

Halafu kuna ile desturi ya kununua namba mbili zaidi "avae mpaka mwakani" na kujaza gazeti mbele. Mtoto hukunja vidole ili kiatu kisimvuke, anaburuta mguu, hatua inakuwa fupi, na mwili unainama mbele kama anayepanda kilima. Tunamkaripia anyooshe mgongo, kumbe shida iko chini.

Muuguzi, zahanati, Bahi

Ndugu mtoa hoja, wayo bapa si ugonjwa peke yake. Msimamishe mtoto kwa ncha za vidole: uvungu ukijitokeza na hana maumivu, mwache acheze. Ukibaki bapa vilevile, au mguu ni mgumu na unauma, huyo apelekwe hospitali.

Ninachopigania mimi ni ngozi. Huku Bahi kuna majaruba ya mpunga, na masika tope halikauki. Viluwiluwi vya minyoo ya safura huishi kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, hupenya ngozi ya mguu, huishia kwenye utumbo na kunyonya damu. Dozi moja ya albendazole miligramu 400 huua minyoo mingi iliyopo, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena akikanyaga tope lilelile. Kiangazi kikija, funza nao hushika zamu kwenye vumbi. Ongeza msumari wenye udongo na pepopunda. Katambuga inaacha vidole wazi. Hayo unayajibuje?

Mtoa hoja

Safura nakubali: kwenye tope, mguu ufunikwe. Funza sikubali. Mtoto huvua kiatu akifika nyumbani, na funza hukulia pia kwenye sakafu ya udongo ya chumba anacholala. Kumwagia sakafu maji kidogo kabla ya kufagia, kuisiliba nyufa, na kukagua vidole kila jioni kunamsaidia kuliko kiatu cha saa sita za shule. Na pini ya kutolea funza isizunguke kutoka mtoto hadi mtoto.

Fundi wa katambuga, Sabasaba

Mnazungumza kama katambuga zote ni moja. Kuna za kuvaa na za kutupa.

Tairi la waya halifai kwa mtoto. Soli ikilika pembeni, nyuzi za chuma huchomoza na kuchana kifundo cha mguu wa pili. Tafuta tairi la nailoni. Pili, tairi lina mviringo wake: kipande kisipochongwa na kunyooshwa, soli hubaki imejikunja mbele na kuvisukuma vidole juu siku nzima. Iweke mezani, ncha ikiinuka zaidi ya unene wa kidole, irudishe. Tatu, misumari. Pitisha kiganja ndani, taratibu, hasa pale mikanda inaposhikia, na urudie kila wiki kwa sababu soli ikilika msumari unatokeza.

Mkanda wa nyuma ni lazima. Ndala haina mkanda huo, ndiyo maana vidole huishika kama kucha za kuku.

Mwalimu wa michezo, Kongwa

Naunga mkono katambuga, lakini msikimbilie kusema "peku ni asili". Uwanja wenye mbigili na miiba ya migunga hauna huruma. Na aliyevaa viatu miaka kumi akivivua leo akakimbia raundi nane, kesho kano ya kisigino inavimba. Akiendelea hivyo, mifupa ya mbele ya mguu inaweza kupata ufa.

Aanze kwa kutembea peku dakika 5 hadi 10, siku moja ndiyo, moja hapana, kwenye ardhi iliyofagiliwa. Wiki ya tatu au ya nne ndipo aanze mikimbio mifupi. Pamoja na hayo: asimame, avute sehemu ya mbele ya wayo kuelekea kisigino bila kukunja vidole, ahesabu 5, aachie, mara 10 kila mguu. Vidole vikijikunja, misuli mingine imeingilia na zoezi limepotea.

Muuguzi, Bahi

Mwalimu umenigusa hapo. Basi sipingi katambuga kwa shule iliyo kwenye ardhi kavu, mradi tope likianza mtoto avae buti la mpira. Mwenye kisukari, mtoto au mtu mzima, asiingizwe kwenye mjadala wa peku kabisa: ganzi ya miguu humfanya akanyage mwiba asijue, na kidonda kinaanzia hapo.

Shule itakayobaki na kiatu cheusi ipime, isiangalie rangi tu. Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, mtoto asimame juu ya boksi kwa miguu yote miwili, uchore kuzunguka kila wayo kwa kalamu iliyosimama wima, ukate. Kipande kiingie kiatuni bila kujikunja, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama sentimita 1. Kisha pinda kiatu kwa mikono: kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, au kikigoma kabisa, rudisha dukani. Rudia kipimo kila muhula.

Mtoa hoja

Kipimo hicho nakichukua, na kwa katambuga pia kitumike. Sasa swali kwa kamati za shule: nani atakata boksi hizo siku ya kufungua?