Kitenge cha yadi 6, uzi wa kufumia na cherehani ya kukanyaga: nitengeneze nini cha nyumbani, cha paka na mbwa, na cha kupeleka dukani?

Mwanga_Ushoni (Kigoma)

Wakuu wa sindano, naomba mawazo yenye vipimo. Vifaa vilivyopo ni hivi: cherehani ya kukanyaga yenye mshono mnyoofu tu (zigizaga haina, ovaloki sina), vitenge 2 vya yadi 6 kila kimoja, kiroba cha mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi, suruali 4 za jinzi za mitumba, na madonge 10 ya uzi wa kufumia ya gramu 50, mengi meusi na ya kahawia. Sindano ya kulabu ni ya milimita 3.5.

Nataka vitu vya sebuleni na jikoni, kitanda cha mbwa na vichezeo vya paka, kisha vitu vya kupeleka kwenye duka la kazi za mikono. Duka linapokea mali kauli, na wateja wake wengi ni wageni wanaopita hapa mjini kupanda boti ya Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Kitenge nikikateje ili kisibaki vipande visivyo na kazi?

Fundi_wa_Pindo (Ujiji)

Dada, anza na kitenge, hapo ndipo hela inapopotelea.

Kabla mkasi haujakigusa, kiloweke, kifue, kikauke, kipige pasi. Vitenge vingi vinatoka kiwandani na gundi inayovikakamaza. Ikitoka, kitambaa kinalegea na kusinyaa, zaidi kwa urefu. Ukishona kabla ya kufua, mteja akifua mara ya kwanza tu foronya haiingii tena kwenye mto. Kuna wanaotia chumvi au siki wakiamini rangi itashika. Haishiki, rangi ya ziada dawa yake ni kuifua itoke. Rudia mpaka maji yawe meupe. Kitenge kinachochuja hata mara ya nne usikiunganishe na kitambaa cheupe.

Yadi 6 ni inchi 216. Baada ya kufua hesabu 206 hadi 208, na upana ukishaondoa ukingo wenye maandishi unabaki kama inchi 44. Sasa kata kwa kukatisha upana, vipande vya inchi 16 kwa 44. Kila kimoja kigawe mara mbili: inchi 37 foronya ya mto wa kochi, inchi 7 zinazobaki zinatoa miraba miwili ya 7 kwa 7, yaani kitambaa kimoja cha kuepulia sufuria, mbele na nyuma. Kitenge kimoja kinakupa foronya 12 na vitambaa vya kuepulia 12, na bado unabaki na inchi 14 au zaidi za kukata mikanda na vitanzi. Kama umekinunua kwa shilingi 24,000, basi kila foronya pamoja na kitambaa chake imebeba 2,000 ya kitenge. Hapo ongeza uzi, muda wako na fungu la duka.

Foronya haihitaji zipu. Pinda ncha mbili fupi, nusu inchi mara mbili kila upande, ubaki na inchi 35. Kwa sababu huna ovaloki, shona mshono wa kufunika. Laza kitambaa uso ukiwa chini, kunja ncha zije katikati zipandane inchi 5, upate mraba wenye upana wa 15. Shona pembeni kwa robo inchi, punguza nyuzi zinazoning'inia, geuza ndani nje, piga pasi, shona tena kwa upana wa robo inchi na kidogo, yaani inchi 3/8. Geuza. Ncha mbichi zote zimefungiwa ndani.

Foronya itatoka ndogo kuliko sponji ya inchi 16 kwa inchi moja hivi, na ndivyo inavyotakiwa. Mto unajaa na kona zinasimama. Ukiifanya sawasawa na sponji, kona zinalegea kama masikio. Na usipunguze ile inchi 5 ya kupandana. Ikiwa 3, mtu akikalia mto mlango unapiga mdomo na sponji inaonekana.

Angalia pia ua la kitenge. Ndege au samaki wakilala ubavu, usiache mpango huu, geuza tu mto ukishaisha, mlango ukae wima. Lakini ua kubwa la duara lazima likae katikati ya uso wa mbele, hata kama utapoteza foronya moja au mbili kwa kulifuata. Foronya yenye nusu ua mteja anaiona akiwa bado mlangoni.

Mwanga_Ushoni

Nimekuelewa fundi, asante sana. Maswali mawili: ndani ya kitambaa cha kuepulia naweza kuweka sponji nyembamba? Na cherehani ikifika penye tabaka nyingi inakusanya uzi chini kama kiota. Nimekaza bobini na bado.

Masharubu (Kigoma)

Niingie upande wa wanyama, fundi atakujibu hayo.

Kitanda cha mbwa ndipo jinzi na mabaki yako yanapokwenda. Mpime mbwa akiwa amejinyoosha, kutoka pua hadi shina la mkia, ongeza inchi 6. Kwa mbwa wa kawaida wa hapa kitanda cha inchi 34 kwa 24 kinatosha. Kata miguu ya suruali, kila mguu pasua mshono wenye mstari mmoja, acha ule wenye mistari miwili, ndio imara. Mguu uliofunguliwa unatoa kipande cha karibu inchi 14 kwa 28. Vitatu vikiunganishwa vinatosha juu, vitatu chini, na miguu miwili inabaki. Tumia sindano namba 16, mshono wa milimita 3 hadi 3.5, na kila mshono upitie mara mbili. Mlango uwe wa kupandana kama wa foronya ya fundi, ila uupandanishe inchi 8 na uuweke upande wa chini. Zipu mbwa anaitafuna.

Usimwage mabaki moja kwa moja humo. Shona mfuko wa ndani kwa shuka kuukuu, ugawe vyumba 4 kwa mishono ya kukatisha, kila chumba ukijaze na kukifunga peke yake. Bila vyumba, katika wiki mbili vitambaa vyote vinakimbilia pembeni na mbwa analala sakafuni. Mabaki yakatwe yasizidi ukubwa wa kiberiti, na kwanza yakague moja moja. Vifungo, zipu na pini vitoke. Kiroba kizima kinaweza kuishia humo.

Sufi usiitumie kwa mbwa. Ikilowa inashikamana mabonge na hairudi. Iache kwa mito ya kochi, kwenye mfuko wa ndani uliofumwa kwa kubana, mbali na jiko maana inashika moto haraka.

Kwa nini kitanda kiwe cha mifuko miwili? Mayai ya kiroboto hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka pale mnyama anapolala. Foronya ya nje uifue kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi joto 60 au zaidi, na uianike juani. Mfuko wa ndani uanike tu.

Sasa paka, na hapa nakuomba uwe makini sana. Uzi mrefu si kichezeo cha paka. Ulimi wake una miiba inayoelekea kooni, uzi ukishaingia hawezi kuutema, anaumeza wote. Ukifika tumboni, ncha moja ikishika mahali, utumbo unajikunja na unaweza kukatika. Hivyo kichezeo kisiwe na shada, wala mkia wa uzi, wala kifungo cha jicho. Fuma mpira mdogo wa sentimita 5, ncha ya mwisho uirudishe ndani kwa sindano butu ikipita mishono isiyopungua 8 na kurudi nyuma mara moja, ndipo uikate. Ukiona uzi unatoka mdomoni au nyuma ya paka usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ukishona mkanda wa shingo wa paka, ufunge kwa velkro ya inchi 1 tu, ili akinasa kwenye tawi ufunguke wenyewe. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo.

Kulabu_Moja (Tabora)

Habari za huko Kigoma. Kabla ya kupanga chochote cha uzi, ujue uzi wako ni wa nini. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kiwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Uzi mwingi wa madukani ni akriliki. Huo ni mzuri kwa midoli na vitambaa vya makochi, lakini usifume nao kitu cha kushikia sufuria. Utayeyukia mkononi mwa mtu.

Kwa duka lenye wageni wa Gombe, kwa uzi mweusi na kahawia, mimi ningefuma sokwe. Na afanane na sokwe! Sokwe hana mkia. Ukimwekea mkia umetengeneza tumbili, na mtu aliyetoka kuwatazama msituni ataujua papo hapo. Mikono iwe mirefu kuliko miguu, masikio makubwa yaliyosimama pembeni, uso wa kahawia.

Kichwa: anza na kitanzi cha kuvutwa chenye mishono mifupi 6. Kila mzunguko ongeza 6: 12, 18, 24, 30. Fuma mizunguko 6 ya 30 bila kuongeza. Kisha punguza hadi 24, halafu 18, jaza, 12, 6, funga. Utapata mpira wa sentimita 5 hivi. Kiwiliwili ni vilevile hadi 30, mizunguko 8 bila kuongeza, punguza 24, fuma 3, punguza 18 na uache wazi ili ukishone kwenye kichwa. Mikono ni mishono 8 kwa mizunguko 20, miguu mishono 10 kwa mizunguko 13. Donge moja jeusi linatosha, na kipande cha kahawia cha uso, masikio, viganja na nyayo.

Mambo matatu yanayoharibu. La kwanza, kulabu kubwa. Kama karatasi ya donge imeandika milimita 4, shuka hadi 3.5 au 3, la sivyo ujazo unachungulia. La pili, kupoteza mwanzo wa mzunguko, kwa sababu unazunguka bila kufunga. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza na ukihamishe kila mara. La tatu ni kujaza kwa vipande vya kitenge, mdoli unakuwa na manundu. Jaza sufi iliyotiwa ndani ya soksi ya nailoni, au masalia ya uzi uliochambuliwa. Na uzi mweusi fuma mchana karibu na dirisha, usiku mishono haihesabiki. Macho yadarizi kwa uzi, mtoto anang'oa vifungo.

Kanga_na_Jina (Kigoma)

Naongezea ya dukani, na hapa natofautiana kidogo na fundi. Foronya 12 zote za ua moja usizipeleke mara moja. Peleka 4, mbili mbili za kufanana, kwa sababu watu wananunua jozi. Zipeleke tupu na zimekunjwa, hakuna mgeni atakayebeba sponji kwenye begi. Kwenye kikaratasi andika "sm 40 x 40", ni kipimo cha mito kinachouzwa kwao, na inchi 16 ni karibu hapohapo.

Mkoba wa sokoni unatoka kwa mgeni na kwa mwenyeji, hasa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kata kitenge cha pili vipande viwili vya inchi 17 kwa 18, na bitana ya merikani kipimo hichohicho. Chini kata kona za inchi 2 kwa 2 ili mkoba upate kitako cha inchi 4. Mkanda wa mkono ni inchi 4 kwa 26, ukunje mara nne ubaki inchi 1, ushone kingo zote mbili. Mikoba mingi inachanika palepale mkanda unaposhonewa, kwa sababu umeshikwa na pindo peke yake. Ushushe inchi 2 chini ya ukingo, shona mraba, kisha mshono wa msalaba ndani yake.

Kanga ni nyepesi mno kwa mkoba bila bitana nzito, ila inafaa sana kwa aproni. Pindo likae chini, jina likae pajani linaposomeka. Usilikate jina katikati, na ulifasiri kwenye kikaratasi.

Na mali kauli mwandikiane: idadi, bei, fungu la duka, na siku ya kuhesabu.

Fundi_wa_Pindo

Nakubali hilo la jozi.

Dada, sponji usiiweke kwenye kitambaa cha kuepulia. Inapitisha joto ikibanwa na inayeyuka, sawa na blanketi za sintetiki. Weka tabaka mbili za taulo kuukuu la pamba, pitisha mishono ya mshazari kila inchi moja na nusu ili zisihame, kisha zungushia mkanda wa upana wa inchi 2 uliokatwa mshazari. Mkanda ulionyooka unaweza kukunjamana kwenye kona. Chagua rangi za giza, masizi ya jiko la mkaa hayatoki. Na kisitumike kikiwa kimelowa, maji yanapeleka joto vidoleni mara moja.

Kiota cha uzi chini si kosa la bobini. Ni uzi wa juu ambao haujakaa kati ya visahani vya kukazia. Rudisha bobini ilivyokuwa. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wa juu wote, upitishe upya ukiwa mguu umeinuliwa, halafu teremsha. Unapoanza kushona, shika ncha zote mbili za uzi nyuma ya mguu kwa mishono mitatu ya kwanza. Kitenge sindano namba 14, penye tabaka za taulo weka 16 na uvushe kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Sindano ikiruka mishono, ibadilishe kabla hujagusa kitu kingine.