Mjadala: Tabibu wa Ayurveda aruhusiwe kumtoa mtu mtoto wa jicho?

Mzee wa Hoja: Wadau, Novemba 2020 baraza lililokuwa likisimamia Ayurveda, tiba ya jadi ya India, lilitangaza aina 58 za upasuaji ambazo wenye shahada ya uzamili ya upasuaji wa Kiayurveda wanaruhusiwa kufanya. 39 ni za jumla, 19 za macho, masikio, pua, koo na meno. Madaktari wa hospitali wakagoma tarehe 11 Desemba. Nauliza moja tu: ni haki au si haki? Tujibuni kwa hoja.

Kisu Butu: Si haki. Sushruta, yule tabibu wa kale wa India anayetajwa kila siku kama babu wa upasuaji, mtoto wa jicho hakumtoa. Alichoma jicho kwa sindano na kuisukuma lenzi iliyopata ukungu iondoke nyuma ya mboni. Lenzi inabaki humo humo ndani. Leo lenzi inatolewa na kuwekwa nyingine ya bandia, chini ya hadubini. Ni kazi mbili tofauti zenye jina moja. Na ganzi? Yeye alimnywesha mgonjwa pombe kali. Hawa watu wa dawa za majivu ya zebaki wabaki na majivu yao.

Bi Sandali: "Majivu ya zebaki"! Mkuu, umewahi kusoma inavyotengenezwa, au umeokota mitaani? Zebaki husafishwa kwanza, kisha inasagwa kinuni pamoja na kiberiti cha unga (salfa), siku baada ya siku, mpaka iwe unga mweusi kama masizi. Unachukua kidogo, unakisugua vidoleni kwa tone la maji, unakipeleka juani. Kikimetameta hata chembe moja, zebaki bado iko huru, unarudi kinuni. Majivu ya madini mengine nayo yana mitihani yake: lazima yaingie kwenye mistari ya vidole, na yakinyunyizwa juu ya maji yaelee. Yakizama, yanarudi motoni. Shida inaletwa na wenye haraka wanaopunguza mizunguko ya moto.

Kisu Butu: Dada, unga wowote mwembamba ukiunyunyiza taratibu unaelea, maji yana utando wake. Mtihani huo unapima usagaji, haupimi sumu. Risasi, ile metali, iliyosagwa vizuri ni risasi inayoingia mwilini vizuri zaidi! Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya dawa 70 za Kiayurveda walizonunua katika maduka ya eneo la Boston, Marekani: 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Moja katika kila tano.

Bi Sandali: Za dukani Boston, unanihukumu nazo mimi? Mnakula matunda huku mnatukana mti. Hao Waingereza wenu walijifunza kuunda pua kutoka wapi? Kwa Sushruta: ngozi ya paji la uso inakatwa, inageuzwa chini, pua inapatikana. Ukweli unauma.

Tambuu Kali: Samahani Bi Sandali, hapo umechanganya. Kitabu cha Sushruta kinataja shavu. Unakata jani kwa kipimo cha pua iliyopotea, unalilaza shavuni, unachonga ngozi kwa ukubwa ule ule huku ukiiacha imeshikamana upande mmoja, unakwaruza kigutu cha pua hadi kitoe damu, unaunganisha. Vijiti viwili vyenye tundu vinawekwa kupisha pumzi. Juu unga wa urukususu na dawa nyingine, pamba, kisha mafuta ya ufuta.

Ya paji la uso ni habari ya Cowasjee, mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua na mkono katika vita vya 1792 dhidi ya Tipu Sultan, mtawala wa Mysore huko India. Aliyemtengeneza karibu na Pune alikuwa wa tabaka la wafyatua matofali. Alitengeneza pua ya nta, akaibandua, akaibana paji la uso ikawa bapa, akachora mstari kuizunguka, akachuna ngozi na kubakiza kishikizo kati ya macho. Gundi yake unaijua wewe mla tambuu: katu, ile dawa ya mti inayotafunwa na tambuu, iliyolainishwa kwa maji, imepakwa kwenye vitambaa vitano sita. Siku nne haiguswi. Kisha vitambaa vya samli. Kama siku ya 25 kishikizo kinakatwa. Habari ikachapishwa London 1794, na Carpue, daktari mpasuaji wa Kiingereza, akaijaribu huko huko 1814.

Kisu Butu: Kwa hiyo anayestahili leseni ni mfyatua matofali.

Bi Sandali: Mfyatua matofali naye ni wa India. Pale kazi ilirithishwa kwa mikono wakati kitabu kimelala.

Mzee wa Hoja: Nimeuliza jicho, mko puani.

Fundi Uzi: Mnagombania pua na kazi wanayoijua kweli mmeiacha: uzi wa kshara (uzi uliopakwa dawa ya chumvi ya majivu), kwa fistula, yaani tundu lisilofunga kando ya njia ya haja kubwa. Uzi wa kitani unapakwa mara 21. Mara 11 utomvu wa snuhi, ndugu wa mnyaa wetu. Mara 7 utomvu pamoja na chumvi ya majivu ya apamarga, lile jani ambalo mbegu zake zinang'ang'ania nguo. Mara 3 za mwisho utomvu na manjano. Kila tabaka likauke kabisa kwanza. Chumvi ile inavuta unyevu, kwa hiyo msimu wa mvua uzi usiofungiwa kwenye chupa unabanduka maganda, ukiuvuta ndani ya tundu dawa yote inabaki mlangoni. Unafungwa, unabadilishwa kila wiki, unakata kama sentimita moja kwa wiki huku nyuma kidonda kinajifunga. Baraza la utafiti wa tiba la India liliupima 1991: ugonjwa ulirudi kwa 4% dhidi ya 11% kwa waliopasuliwa.

Kisu Butu: Malizia basi. Kupona kwa uzi wiki 8, kwa kisu 4.

Fundi Uzi: Ni kweli. Na kubadilisha kunauma. Lakini anayerudi kupasuliwa mara ya pili anahesabu wiki ngapi?

Kisu Butu: Huo uzi nawapa. Jicho siwapi.

Bi Sandali: Tambuu Kali, hiyo katu ni nyekundu au nyeupe? Na walichanganya chokaa?

Tambuu Kali: Maelezo ya 1794 hayataji chokaa. Katu peke yake inakaza ngozi, ina ukakasi. Ukitia chokaa juu ya kidonda kibichi utamuunguza, na pua itakufa kabla ya siku ya nne.