Jimu asubuhi au jioni? Natakiwa kulipa Jumamosi

Binti_Kimara: Habari wakuu. Jimu ya karibu na kwangu ina vifurushi viwili. Cha asubuhi, saa 11 alfajiri hadi saa 4, ni elfu 40 kwa mwezi. Cha jioni, saa 10 hadi saa 3 usiku, elfu 60. Ukishalipa hubadilishi mpaka miezi mitatu iishe. Kipi kinaufaa mwili zaidi?

Fundi_Rama: Dada, hapo umetuacha njiani. Kazini unatoka saa ngapi? Unataka kupungua au kujenga mwili? Una sukari, una presha? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Alfajiri_Tu: Asubuhi, usiulize mara mbili. Mimi saa 11 na nusu niko daraja la Tanzanite, upepo wa bahari, jua halijaanza kuchoma. Jioni kuna foleni, kuna mgeni, kuna msiba, kuna mvua. Alfajiri hakuna anayekupigia simu.

Chuma_Jioni: Napinga. Joto la mwili hupanda alasiri kuelekea jioni, misuli inakuwa imelainika na uzito unanyanyuka vizuri. Alfajiri viungo bado vimekaza, ukikurupuka bila kupasha mwili moto unachanika.

Mama_Wawili: Hao wa alfajiri wawe waangalifu na wanayemshauri. Mimi nina sukari, nachoma insulini. Mwaka juzi rafiki yangu aliniambia nikimbie kabla sijala chochote, eti mafuta ndiyo yanaungua. Usiku ule nilichoma sindano kama kawaida, chakula nikala kidogo kwa uchovu. Saa 11 na nusu nikatoka. Nilipofika kituo cha daladala mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, taa za magari nikaziona mbili mbili. Nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Watu walipita, nadhani walinidhania mlevi. Aliyeniokoa ni mama muuza vitumbua. Alinishika kidevu, akaninywesha chai ya rangi yenye sukari nyingi, kikombe cha plastiki cha kijani, mpaka leo nakiona. Baada ya muda nikaweza kutaja jina langu. Sasa natembea saa 11 jioni, nimeshapima, na pipi mfukoni.

Fundi_Rama: Pole sana mama. Ndiyo maana nimeuliza habari ya sukari.

Wa_Eldoret: Huku kwetu, Iten, wanariadha hutoka saa 12 asubuhi, na wengi hurudi barabarani jioni. Lakini hiyo ni kazi yao, mchana wanalala. Usijipime nao.

Alfajiri_Tu: Na ukimaliza usinywe maji baridi, mafuta yanaganda tumboni.

Nesi_wa_Zamu: Hapana kaka. Tumbo lina joto la nyuzi 37, maji yanapashwa yakifika tu. Kwa joto la Dar mwezi wa pili, mtu anayetoka jasho anywe maji, yawe baridi au ya moto.

Alfajiri_Tu: Supu ikipoa mafuta hayagandi juu?

Nesi_wa_Zamu: Sufuria haina damu inayozunguka. Turudi kwa dada, hajajibu.

Binti_Kimara: Samahani, nilikuwa kazini. Nina miaka 34, nauza duka Kariakoo, natoka saa 12 jioni. Kwa foleni ya mwendokasi nafika Kimara saa 2 kasoro. Nina mtoto wa miezi tisa, usiku ananiamsha mara mbili au tatu. Presha ilipanda nilipokuwa mjamzito na bado haijatulia.

Chuma_Jioni: Basi cha jioni utalipia saa tano utumie moja. Naondoa hoja yangu.

Nesi_wa_Zamu: Na alfajiri atakuwa hajalala. Dada, vyuma viache mpaka daktari wako aseme. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Shuka Baruti, panda kwa miguu hadi Kimara mwisho.

Alfajiri_Tu: Kutembea si mazoezi.

Mama_Wawili: Mimi sukari yangu imetulia kwa kutembea huko huko.

Wa_Eldoret: Viatu je? Akitembea na ndala magoti yatalia.

Fundi_Rama: Raba za mtumba Karume, akunje soli aone kama imekauka.

Binti_Kimara: Hizo za Karume bei gani siku hizi? Baba mtoto nimemuuliza kama atakaa na mtoto asubuhi, hajanijibu bado.

Chuma_Jioni: Nenda Jumapili mapema, wakifungua robota jipya.