Wakuu naombeni ushauri: nikomae na sarufi ya Kiingereza au nisome tu makala za maisha ya kisasa?

Mchakato77
Wakuu habari za muda huu. Nimefika mahali sielewi nishike lipi niache lipi. Kiingereza nimesoma tangu shule, sarufi naijua, mazoezi ya kujaza nafasi nakosa machache sana, ukiniuliza kanuni ya tensi yoyote nakupa na mifano juu. Shida ni nikifungua makala ya kawaida, labda watu kufanyia kazi nyumbani, au mitandao ya kijamii inavyowaathiri vijana, au kodi za nyumba mijini, aya ya kwanza naenda vizuri, ya pili nahangaika na kamusi, ya tatu nafunga. Kuongea ndo kabisa, sentensi naijenga kwanza kichwani, nikija kumaliza watu wameshahama mada.

Sasa kati ya kurudi kwenye sarufi mpaka iive na kusoma kwa wingi hizi mada za kisasa, ipi inaleta matokeo HARAKA? Naomba waliopitia wanijibu, sio nadharia. Usingizi wenyewe siku hizi sipati.

KapteniUkoka
Achana na sarufi mkuu. Mimi ngeli nimeipatia kwenye magemu, tunacheza onlaini na watu wa kila nchi, hakuna aliyewahi kuniuliza mambo ya tensi, ukikosea unatukanwa, kesho hurudii. Leo nikiongea naeleweka popote. Ingawa bosi wangu aliwahi kusoma barua pepe yangu akaniita pembeni, ila hiyo stori nyingine.

BiTulia
Mdogo wangu, kabla sijakujibu, haraka ya nini? Mtu anayejifunza lugha kwa ajili ya maisha yake haandiki HARAKA kwa herufi kubwa. Kuna kitu umekiruka.

Mchakato77
Dada hakuna kitu, ni kujiendeleza tu na mambo ya kazi huko mbele. Nijibuni swali jamani, sarufi au kusoma?

MzeeWaRedio
Wanangu, sisi tulijifunza kwa redio. Sauti ya Amerika walianzisha mwaka 1959 matangazo yao ya Kiingereza maalumu, mtangazaji anasoma taratibu, sentensi fupi fupi, na msamiati wao wote ulikuwa kama maneno 1,500 tu, na kwa maneno hayo hayo wakawa wanakusomea habari za dunia, za afya, za sayansi, na unaelewa. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunakaa na daftari moja, kila mmoja anaandika neno alivyolisikia, halafu tunagombania nani kapatia, mama anatuzimia redio. Kaka ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini yeye ndiye alikuja kuwa mkalimani na mimi sikuwa.

Kidole_Juu
Mzee wetu shikamoo, pole sana.
Mleta mada, sentensi unaijenga mpaka watu wanahama mada 😂😂 wewe sio sentensi hiyo unajenga ghorofa.

MwalimuZamu
Mkuu, unavyouliza ni kama sarufi na kusoma vinagombea kiti kimoja. Zoezi la kujaza nafasi linakuambia juu kabisa kwamba ukurasa huu ni wa tensi fulani, kwa hiyo kazi yako ni kukumbuka kanuni uliyoisoma dakika kumi zilizopita. Ukiwa unaongea hakuna anayekuandikia kichwa cha habari hewani. Kusoma ndo mahali unapoikuta kanuni ile ile ikitumika mara nyingi bila kutajwa, mpaka inaacha kuwa kanuni.

Halafu hizo makala hazikushindi kwa sarufi. Zinakushinda kwa vile vitenzi vyao vya maneno mawili mawili, "put off", "work out", "lay off", "carry on". Kila neno peke yake ulilijua ukiwa mdogo, yakikaa pamoja yanakuwa kitu kingine, na wewe kwenye kamusi unatafuta "lay" peke yake, ndo maana hutoki. Tafuta yote mawili kwa pamoja.

Na usitake kuelewa kila neno. Mtafiti Paul Nation mwaka 2006 alikadiria kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti bila kusaidiwa anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na yale yanayotokana nalo unalihesabu moja, hiyo hakuna anayeipata kwa kukesha. Kinachosaidia ni kukaa kwenye mada moja, usome makala nne tano za jambo lile lile mfululizo, iwe kufanyia kazi nyumbani au chochote, kufika ya tatu utashangaa msamiati unajirudia wenyewe.

Sasa na mimi nikuulize, unasoma makala zipi hasa na unazisomaje?

Mchakato77
Mwalimu asante sana. Nina mkusanyo wangu umepangwa kwa mada. Nausoma kwa kurudiarudia.

ShabikiKindakindaki
Mimi nilianza na ripoti za mpira. Mechi umeshaiangalia, magoli unajua nani kafunga dakika ya ngapi, kwa hiyo mwandishi hawezi kukupoteza, unabaki kuangalia tu yeye kasemaje. Nilivyotoka hapo nikahamia habari za usajili, huko ndo kuna mikataba, mishahara, mawakala, mahakama, ikawa kama nasoma uchumi bila kujua. Mke wangu alikuwa anasema napoteza muda, leo barua zote za Kiingereza ananiletea mimi.

BiTulia
Narudi. "Kurudiarudia". Yaani unakariri? Makala ya gazeti nani anaikariri? Mdogo wangu hebu sema yote, hapa hakuna anayekujua.

Mchakato77
Sawa dada. Nimeshalipia IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, naufanya mwanzoni mwa mwezi ujao. Kuna nafasi ya masomo nje, wanataka bendi 7, yaani alama ya mtihani huo. Huo mkusanyo ni insha za majibu, nimenunua kwa mtu anayefundisha onlaini, mada zote za maisha ya kisasa zimo, teknolojia, miji, mazingira, kazi, malezi. Kama robo nimeshazishika kichwani. Nilichokuwa nauliza ni kama nizimalize zote au muda uliobaki niupeleke kwenye sarufi. Na msianze kunihukumu, kukariri sio dhambi, hata jedwali la kuzidisha tulikariri na hesabu tunajua, na yule mtu anasema maswali yanajirudia. Likizo kazini nimeshaomba, kwa hiyo hili la kukariri au kutokariri kwa kweli nilishaamua, nilitaka tu kujua sarufi niiweke wapi.

Neno_Kavu
Kumbe. Watu wamekuandikia maelezo marefu kwa moyo wote na wewe umekaa na la kwako mfukoni. Kizazi hiki kila kitu njia ya mkato. Haya umepata bendi 7 kwa insha za mtu, umeenda huko chuoni, profesa anafundisha, wenzako wanauliza maswali, na mihadhara utainunua kwa huyo mtu wako uikariri? Aibu utakayoipata darasani huko ni kubwa kuliko ya kufeli mtihani ukiwa nyumbani.

Mchakato77
Neno_Kavu kuna mtu wangu wa karibu alikariri hivi hivi akapata 6.5 mara ya kwanza tu.

BiTulia
Na wewe unataka 7.

MwalimuZamu
Tuache hasira tuangalie mtihani wenyewe ulivyo. Uandishi ni saa moja, kazi mbili. Ya pili ndo insha, maneno yasiyopungua 250, na ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Inasahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, umelijibu swali kwa kiasi gani, mpangilio na mtiririko, msamiati, na sarufi. Sarufi ni robo. Kwa hiyo aliyekwambia sarufi haina kazi kakudanganya, na wewe unayeitegemea peke yake unajidanganya.

Insha ya kukariri inaanguka kwenye kigezo cha kwanza kabla hata hawajafika kwenye Kiingereza chako. Mfano, najua kwenye huo mkusanyo ipo ya faida na hasara za kufanyia kazi nyumbani. Swali likija, je, mwajiri aruhusiwe kumtafuta mfanyakazi baada ya saa za kazi? Mada ni ile ile, kazi na teknolojia, lakini ukiwaandikia kuhusu kuokoa nauli na kukaa na familia, ambavyo ndivyo vimo kwenye insha yako, swali lao umeliacha pale pale. Na wasahihishaji wanafundishwa kuyatambua majibu ya kukaririwa, sio siri hiyo.

Kuongea ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini. Katikati unapewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, unaongea dakika moja hadi mbili, halafu anaanza kukuchimba zaidi kwenye mada hiyo. Hapo insha utaifungulia wapi?

Shuhuda_Macho
Wakuu hamjashtuka tu? HII CHAI. Mtu hajui Kiingereza ila ana mkusanyo, umepangwa kwa mada, na "mtu anayefundisha onlaini" ambaye jina hatajwi. Subirini kesho aje mwingine aulize "jamani huyo mtu anapatikana wapi", halafu namba zinatembea PM. Hizi nyuzi nimeziona nyingi, mleta mada na muuzaji ni mtu mmoja. Na huyu Mwalimu naye katokea na dakika zote za mtihani kichwani, 11 hadi 14, nani anakaa na hizo kichwani? Lao moja.

KapteniUkoka
Eeh aisee nimeangalia akaunti, imefunguliwa mwezi huu na ana uzi huu mmoja tu.

Kidole_Juu
Nimeshavuta kiti 😂 popcorn zinakuja.

MwalimuZamu
Nakaa nazo kichwani kwa sababu naandaa watu kwa ajili ya mtihani huu, ni kazi yangu. Na nimemwambia asizikariri. Ni muuzaji gani anamkataza mteja kutumia bidhaa yake?

MzeeWaRedio
Hata zamani walikuwepo wauza kanda za kujifunzia Kiingereza, wanakwambia utaongea kama mzungu. Mimi nilinunua.

Mchakato77
Nimesoma yote yenu. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani ndugu na watu wa kazini wananijua, na nyumbani hakuna anayejua kwamba naomba kuondoka. Jina la aliyeniuzia sitalitaja hapa wala PM wala popote. Shuhuda kama unaona natunga, nipe mada hapa hapa, naandika sasa hivi bila kuangalia kitu.

Shuhuda_Macho
Poa. Andika kuhusu ndugu aliyepoteza kazi mwaka jana na intaneti ilivyobadilisha maisha. Dakika tano. Nahesabu.

Mchakato77
"Nowadays many people has moved to work from home. Last year my cousin has lost his job because the company closed the office. If he would know English, he could found another job online. The internet make life easy but it also make people alone."

Kidole_Juu
Kaja kweli 👀

MwalimuZamu
Asante, hii aya ina faida kuliko mkusanyo wako wote. Tazama sentensi ya pili, "Last year my cousin has lost his job". Kwenye zoezi la kujaza nafasi hii ungeipata, umetuambia mwenyewe. Hapa umeikosa kwa sababu umeiwaza "mwaka jana binamu yangu amepoteza kazi", ambayo kwa mazungumzo yetu ya kila siku inapita bila mtu kushtuka. Kiingereza ukishataja "last year", "has" inaondoka, inabaki "lost" peke yake. Jana, juzi, mwaka 2010, zote hivyo hivyo.

Ya tatu, baada ya "if" hapo "would" haikai, ni "if he knew English, he could find", na baada ya "could" kitenzi hakibadiliki. Halafu umegeuza umoja na wingi pande zote mbili, "people" inataka "have", "internet" inataka "makes". Na mtu mpweke ni "lonely", "alone" ni kwamba hayuko na mtu kwa muda huo, anaweza kuwa na raha zake.

Hayo ndiyo ya kushughulikia mpaka siku ya mtihani, sarufi ya makosa yako, kitabu kizima weka kabatini. Kila siku soma makala moja ya mada hizo, ifunge, andika maoni YAKO aya moja, kisha ipitie ukitafuta makosa hayo tu. Ukimaliza jirekodi ukiisimulia bila kuisoma, ukikwama usirudi mwanzo, malizia hivyo hivyo.

Shuhuda_Macho
Makosa mtu anaweza kuyapanga ila hiyo "could found" haipangiki 😂 sawa mkuu, nimeondoa chai kwa leo. Bado nakuangalia.

BiTulia
Mdogo wangu, kasome masharti ya kituo ulichojiandikishia uone kama tarehe inasogezwa. Na nyumbani mwambie walau mmoja, mambo kama haya huwezi kuyabeba peke yako ukalala usingizi.

Mchakato77
Tarehe siisogezi dada, likizo imeshapitishwa na maombi ya chuo yanafungwa. Nyumbani nitaona. Insha mbili za mazingira nabaki nazo kwa sababu zile nazielewa kabisa hata bila kuangalia, nyingine naziweka pembeni kwanza, sio kwamba nimezifuta. Mwalimu kesho usiku nitaweka aya nyingine, mada nipangieni nyie.

Neno_Kavu
Hajazifuta. Mmemsikia.

KapteniUkoka
Mada ya kesho ile ya mwajiri kumtafuta mfanyakazi baada ya saa za kazi. Na mimi naandika, Mwalimu unisahihishe lakini usiniite pembeni.