Kundi la Wa Kwa Bibi: kachumbari imejaa maji

Mama Salma: Jamani kachumbari imekuwa mchuzi. Nimekata saa nne, sasa hivi inaelea, na wageni ndo wanavua viatu mlangoni.

Mjomba Hamisi: Umezidisha nyanya.

Mama Salma: Nyanya tatu tu kaka!

Shangazi Rukia: Chumvi umetia saa ngapi?

Mama Salma: Palepale. Na ndimu.

Shangazi Rukia: Basi umejimaliza. Chumvi imevuta maji yote yaliyokuwa ndani ya seli za nyanya na matango. Chuja, na siku nyingine tia chumvi sahani ikienda mezani.

Nasra: Shikamoo shangazi. Hiyo si ndo osmosisi, maji kupita utando wa seli kwenda palipo na chumvi nyingi? Jumatatu tuko maabara, tumeambiwa kila mtu aje na kitunguu.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Ndo yenyewe. Beba chekundu. Bandua ile ngozi nyembamba ya zambarau kwa ukucha, iweke kwenye kioo na tone la maji, tazama kwa hadubini. Utaona vyumba, ndo seli hizo, vimepangana kama matofali, hiyo ndo tishu. Sasa dondoshea maji ya chumvi. Ile zambarau imo ndani ya vakuoli, kile kifuko cha maji cha seli, utaiona inanywea taratibu huku ukuta wa seli umebaki palepale. Kama mto uliosinyaa ndani ya foronya.

Nasra: 😮 Na kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga, nazichora wapi?

Shangazi Rukia: Usichore! Kitunguu kimefunikwa udongoni, kloroplasti za nini? Ziko kwenye majani ya juu. Kila mwaka nasahihisha vitunguu vya kijani mpaka nachoka.

Idi: Mimi nataka kujua kinaliza kwa nini.

Shangazi Rukia: Kimeng'enya, kile kinachochochea mabadiliko ya kemikali, kimefungiwa kwenye vakuoli, malighafi yake iko nje, kwenye saitoplazimu, ule uteute wa seli. Kisu kikipasua seli vinakutana, inatoka gesi yenye salfa, hiyo inakurukia machoni. Kisu butu ndo balaa, kinaponda seli nyingi zaidi.

Idi: Kisu cha Mama Salma tunakijua 😂

Mama Salma: Idi, pilau utaisikia harufu tu.

Mama Salma: Kumbe ndo maana nikikifikicha kitunguu na chumvi nikakisuuza, ukali unaisha.

Shangazi Rukia: Eeh, umezipasua mwenyewe halafu umeziosha.

Nasra: Shangazi la mwisho, bakteria naye ana kiini, kile kifuko cha kuhifadhia DNA, maelekezo ya urithi?

Shangazi Rukia: Hana. DNA yake imo tu humo ndani, haijafungwa na utando. Mitokondria za kutoa nishati hana, ribosomu za kutengeneza protini anazo, na wengi wana ukuta, ila si wa selulosi, zile nyuzi za mimea, kama wa kitunguu. Na ni wadogo hasa. Seli moja ya kitunguu ina urefu wa kama mikroni 250 (mikroni elfu moja ni milimita moja), bakteria wengi ni mikroni 1 au 2. Kwa hiyo Jumatatu usiniambie umewaona wakiogelea, hayo ni mapovu ya hewa.

Mama Salma: Nimeshachuja, limetoka bakuli zima.

Mjomba Hamisi: Hayo maji usimwage, niwekee kikombeni na pilipili. Niko njiani.