"Sorry" ya Nairobi na "sorry" ya London

Mhasibu wa Upper Hill:
Mkuu wetu mpya kazini ametoka London. Juzi alijikwaa kwenye ngazi, nami nikamwambia "sorry". Alinitazama kwa mshangao, akanijibu kwamba sikuwa na kosa lolote. Naomba ufafanuzi: Waingereza hulitumia neno hili kwa maana zipi, na je, sisi tunakosea?

Mwalimu, Buruburu:
Hukukosea sana, ulilivisha neno la Kiingereza maana ya "pole". Kwetu, aliyejikwaa, mgonjwa, mfiwa na hata anayetoka kazini jioni hupewa pole, wala hakuna anayedhani kwamba mtoa pole ndiye aliyesababisha taabu hiyo. Mwingereza naye, akisikia "sorry" tupu mara tu baada ya kuumia, huona kwamba anaombwa radhi. Maana ya huruma anayo, ila kwa kawaida huitaja pamoja na jambo lenyewe: "I'm sorry to hear that" akiambiwa habari za ugonjwa, "I'm sorry for your loss" akimfariji mfiwa. Aliyejikwaa huulizwa tu, "Are you all right?"

Ajabu ni kwamba huruma yetu iko karibu zaidi na asili ya neno. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", yaani mwenye uchungu au majonzi, nalo ni ndugu wa "sore", si wa "sorrow" kama wengi wanavyodhani.

Wakili, Ngara:
Utata huu umewasumbua hata wenye lugha yao. Nchini Kanada, jimbo la British Columbia lilitunga sheria mwaka 2006, na Ontario ikafuata mwaka 2009, ili mtu akisema "I'm sorry" baada ya ajali, kauli hiyo isichukuliwe katika kesi ya madai kuwa amekiri kosa.

Mkaazi wa Rongai:
Mwalimu, mpaka huo si thabiti hivyo. Ndani ya matatu, anayekukanyaga husema "pole" mara nyingi kuliko "samahani", kwa hiyo hata sisi tunachanganya huruma na radhi. Mhasibu aongeze matumizi mengine mawili. "In a sorry state" ni hali duni, ya kusikitisha. Na mkuu akisema "Sorry?" huku akipandisha sauti mwishoni, haombi radhi, hakusikia, kwa hiyo usimjibu "it's okay", rudia ulichosema.