Mtoto wa selimundu: maumivu yanaanza hata kabla ya mtihani. Hofu inabana damu kweli?

MamaGift_Mwanza

Habari za jioni wakuu. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi, yuko darasa la nne, kipimo kilisema SS, yaani ana selimundu kamili, amerithi kwa wazazi wote wawili. Anatumia vidonge vya foliki na haidroksiyurea, na kliniki hatukosi. Malaria ikimpata najua maumivu yanafuata, hilo nimeshalizoea. Kinachonichanganya ni haya mengine. Akioga maji ya baridi asubuhi, jioni miguu inaanza. Akisikia kesho kuna mtihani wa hesabu, usingizi hapati, na alfajiri ananiita: mama, mapaja. Juzi mbwa wa jirani alimkimbiza. Hakumng'ata wala mtoto hakuanguka, lakini magharibi haijafika tukawa tunahangaika na dawa za maumivu.

Mwalimu wake ameniambia kwa upole kwamba mtoto "ameshajua kuutumia ugonjwa". Baba yake naye ameanza kuelekea huko. Naomba mwenye uelewa anisaidie: hofu peke yake inaweza kumletea mtu maumivu ya selimundu, au mwanangu ananichezea?

Kondakta_Mstaafu

Dada, watoto wa siku hizi wajanja. Wa kwangu hana ugonjwa wowote, lakini mtihani ukikaribia tumbo linamuuma. Usimdekeze.

Mgosi_wa_Lushoto

Kondakta, huyo wako tumbo linamuuma kweli. Kinachomsumbua yeye na mtoto wa Mama Gift ni kitu kimoja, tofauti ni damu inayopita humo ndani.

Mama Gift, pole sana. Mimi mwenyewe ni SS na nimekulia Lushoto. Anayeijua Lushoto ya mwezi wa saba anaelewa. Mchakamchaka alfajiri kwenye ukungu, halafu mstarini, mikono mbele, tunasubiri kukaguliwa kucha. Vidole vyangu vilianza kuuma mwalimu wa zamu akiwa bado mstari wa kwanza, na siku akiwa na fimbo vilianza mapema zaidi. Siku hizi niko Tanga mjini kwenye joto langu, nafanya kazi maabara, na chembe nyekundu za damu kama za mwanao naziona kwenye hadubini karibu kila wiki.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba chembe zetu nyingi hazina umbo la mundu muda wote. Chembe ikitoka mapafuni na oksijeni yake iko sawa. Ikishaishusha oksijeni kwenye misuli au mfupa, himoglobini S, yaani ile protini yetu ya kubeba oksijeni yenye kasoro, inaanza kushikana na kujipanga nyuzi nyuzi, chembe inakakamaa na kupinda. Ila haishikani papo hapo, kuna muda mfupi wa kuchelewa. Katika muda huo chembe nyingi zinawahi kuvuka vile vimishipa vyembamba kabisa, zinaingia kwenye vena, mishipa ya kurudisha damu, zinarudi mapafuni salama. Ni kama samaki wa kupeleka Muheza bila barafu: gari likienda moja kwa moja anafika mzima, lakini foleni ikiwashika njiani, samaki yuleyule anaoza.

Foleni hiyo inasababishwa na nini? Mishipa midogo inayopeleka damu ina misuli kwenye kuta zake, na misuli hiyo inapokea amri kutoka mishipa ya fahamu tusiyoiongoza kwa hiari, ileile inayoendesha mapigo ya moyo na jasho. Baridi ikikugusa, au ukishtuka, au ukiumia, amri inatoka na mishipa ya mikono na miguu inabana. Mtu wa AA, asiye na selimundu, atahisi vidole vya baridi, basi. Kwetu sisi damu ikipunguza mwendo, chembe zinapinda zikiwa bado ndani ya njia nyembamba, zinakwama, na mfupa unakosa oksijeni.

Haya yamepimwa. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Los Angeles, Marekani, waliwafunga wagonjwa vipimo vya mtiririko wa damu vidoleni. Waliona kwamba hata kuvuta pumzi kubwa na kuishusha kunabana mishipa ya wenye selimundu kuliko ya watu wengine, na kwamba ile neva inayotuliza moyo inalegeza kazi yake haraka zaidi kwetu. Mwaka 2017 wakatoa matokeo ya joto la kuumiza: mishipa ya wagonjwa ilibana kuliko ya wenzao wazima. Tena ilibana hata pale walipoambiwa tu kwamba maumivu yanakuja, kabla hawajaguswa. Baadaye wakajaribu maswali ya kutahini kumbukumbu, na mishipa ya wagonjwa na ya wasio na ugonjwa ikabana vilevile. Mpelekee mwalimu hiyo.

Kuna la pili linalotuonea. Chembe zetu zinaishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na zikipasuka himoglobini inamwagika kwenye damu na kula naitriki oksaidi, kemikali inayoiambia mishipa ilegee. Kwa hiyo amri ya kubana inasikika sana, ya kulegea inasikika kidogo.

Cha kufanya: sweta asubuhi hata kama wenzake wako vifua wazi, asikimbizwe mchakamchaka, aruhusiwe chupa ya maji darasani na kwenda msalani kila akiomba, maana figo za selimundu hazijui kubana maji. Siku ya mtihani anywe maji mapema na awe na joto. Haidroksiyurea msiiache, inaongeza himoglobini ya utotoni ambayo inachelewesha zile nyuzi. Na kumwambia anasingizia wakati anaumwa ni kumwongezea hofu ileile inayobana.

Sista_ZamuYaUsiku

Mgosi umeeleza vizuri. Naongeza kwa sababu nawajua wazazi: wakishasikia "ni hofu", kila kitu kinakuwa hofu. Mama Gift, homa ikifika 38.5, kifua kuuma au pumzi kuwa fupi, mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, usikae kumtuliza nyumbani. Hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Na kwa kuwa ni wa kiume, kuna jambo wazazi wanaona aibu kulitaja. Uume unaweza kusimama wenyewe ukauma na usilale. Hilo nalo ni damu kukwama. Mwambieni mapema, baba ndiye aongee naye, ili likimpata asijifiche. Likiendelea zaidi ya muda wa masaa manne linaweza kumharibia maisha yake ya baadaye, ila msisubiri yatimie ndipo muanze safari.

MamaGift_Mwanza

Asanteni, Mungu awabariki. Nimemsomea baba yake yote, hilo la mwisho amenyamaza kidogo halafu akasema ataongea naye Jumamosi. Ameuliza swali moja: je, ziwani tumkataze kabisa? Wenzake wote wanaogelea.

Mgosi_wa_Lushoto

Mimi singemkataza moja kwa moja, mtoto wa Mwanza utamfungia wapi? Muulizeni kwanza daktari wake. Akikubali, aende jua likiwa juu, asipige mbizi za kubana pumzi, na akae majini muda mfupi. Mtu mzima awe ufukweni na taulo kavu. Akitoka akaushwe hapohapo na avae, kwa sababu upepo wa ziwa kwenye mwili mbichi unabana mishipa kuliko hata maji yenyewe, hilo nalisema kwa mwili wangu.